Wakulima wa North Dakota na Benki Yao

Mkulima ni mmoja, walao ni wengi. Neno hili wangalilielewa vema wakulima wa North Dakota, jimbo la Marekani lililo mpakani mwa Kanada.

Zamani hizo ngano yao iliuzwa sana Minneapolis, katika jimbo jingine. Mnunuzi ndiye aliyeamua daraja lake, na ndiye aliyetaja bei. Mkulima aliyetaka fedha za mbegu alikopa kwa riba kubwa, akaweka shamba rehani. Mavuno yakipungua, shamba huenda.

Mwaka 1915 Arthur Townley, ambaye kilimo chake cha kitani kilikuwa kimemfilisi, alianza kuwaunganisha wakulima. Wajumbe wake walizunguka kwa motokaa, shamba kwa shamba, wakiandikisha wanachama. Mwaka 1916 wakamchagua mkulima mwenzao, Lynn Frazier, awe Gavana. Mwaka 1919 Baraza la jimbo likaanzisha benki ya serikali, yenye mtaji wa dola milioni 2, na kuagiza kijengwe kinu cha ngano, ambacho kilifunguliwa Grand Forks mwaka 1922.

Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya ngano ilianguka, na manung'uniko yakazidi. Oktoba 1921 wapiga kura walimwondoa Frazier kabla ya muda wake kwisha, naye akawa gavana wa kwanza wa Marekani kuondolewa kwa njia hiyo. Hata hivyo, siku ile ile waliulizwa kama benki nayo ivunjwe, wakakataa. Mwaka uliofuata walimchagua Frazier huyo huyo aende katika Seneti ya Washington.

Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930. Mwaka 1933 Gavana William Langer alikataza mashamba yasinadiwe kwa ajili ya madeni, hata akatuma askari wa jimbo kuzuia minada. Mwaka 1934 mahakama ilimwondoa madarakani. Mwaka 1936 wananchi wakamrudisha.

Townley, Frazier na Langer wote wamekwisha kufa. Benki na kinu vingali vikifanya kazi.

Ndugu msomaji, yafaa tulifikiri jambo hili sisi tulio katika vyama vya ushirika. Mara nyingi mwenyekiti akikosea, wanachama hutawanyika na ghala hubaki tupu. Wakulima wale walijua kumtenga mtu na kazi: mtu aweza kubadilishwa kwa kura ya siku moja, bali kazi iliyovunjwa huchukua miaka mingi kujengwa upya.