Ndoana Butu na Visingizio Vyake

Samaki akiponyoka, mvuvi wa mshipi hulaumu vingi: mkondo, mwezi, chambo kilicholala, mwenzake aliyetikisa ngalawa. Ncha ya ndoana hutajwa mwisho, kama itatajwa kabisa. Na ukimwonyesha tupa ndogo, ile bapa inayoingia mfukoni, atakupa sababu chungu nzima za kutoihitaji. Baadhi ya sababu hizo zina ukweli ndani yake, na ndiyo maana hazifi.

Wa kwanza atasema ndoana mpya ni kali tayari. Inategemea mpya ipi. Gamakatsu na Owner za Japani hunolewa kwa kemikali: chuma kikishasagwa hutumbukizwa kwenye asidi, ikakila uso wake mpaka ncha ibaki nyembamba na laini. Hizo ni kali kweli. Lakini nyingi za bei nafuu, zile za boksi la mia, husagwa kwa mashine kisha zikapakwa bati au nikeli, na upako huo huifunika hata ncha yenyewe. Ukucha ndio hakimu hapa. Weka ncha juu ya ukucha wa dole gumba uivute taratibu bila kukandamiza. Ikinasa na kuacha mkwaruzo, ni kali. Ikiteleza ni butu, hata kama imetoka dukani leo asubuhi. Na hiyo kali nayo, ikishasuguana na matumbawe mara moja, upya wake umekwisha.

Hoja inayopendwa kuliko zote ni ya nguvu: ukijua kuushtua mshipi, hata ndoana butu itaingia. Wanaoisema huwa na mikono mizuri, na mimi siwabishii mikono yao. Ninachobisha ni kwamba nguvu hiyo haifiki inakokwenda. Nailoni hunyumbuka, hurefuka asilimia 20 na zaidi kabla ya kukatika. Anayevua chewa katika pima 40 ana zaidi ya mita 70 za uzi kati ya kiganja chake na samaki, na mkondo umeshaupinda uzi huo. Akivuta mkono mita moja, sehemu kubwa ya mita hiyo huishia katika kuunyoosha uzi na kuurefusha. Kinachobaki kwa ndoana ni kidogo, na hicho kidogo hutawanyika juu ya eneo lote la ncha. Upana wa ncha ukiongezeka maradufu, eneo lake huwa mara nne, na msukumo kwenye kila sehemu hushuka hadi robo. Basi mwenye misuli hupata hasara mbili: mfupa wa taya ya chewa hautobolewi, na samaki mwenye mdomo laini hupasuka akaondoka zake.

Kuna jambo jingine ambalo tupa hufanya na viwanda vingi havifanyi. Badala ya ncha ya mviringo, huacha nyuso bapa zinazokutana kwa makali. Ncha ya mviringo husukuma nyama pembeni ipate kupita, makali huikata. Shika shina la ndoana kwa koleo, ulaze tupa karibu sambamba na ncha, uipitishe kutoka nchani kuelekea kwenye mpindo, mara tatu au nne kila upande, kisha uguse kidogo mgongo wa nje. Usiende mbele na nyuma kama mtu wa msumeno, maana hapo huacha ukingo mwembamba uliojikunja kwenye ncha, na huo huvunjika samaki wa kwanza akigusa.

“Kunoa kunaleta kutu.” Hii ni nusu kweli. Tupa huondoa upako, na chumvi hushambulia pale palipobaki wazi. Lakini mwamba nao huukwaruza upako, bila kukupa ncha. Suuza ndoana kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushe, ipake mafuta kidogo. Mharibifu halisi ni grinda ya fundi. Joto lake huigeuza ncha rangi ya buluu, dalili kwamba ugumu kiliotiwa chuma kiwandani umepungua, na ncha ya namna hiyo itapinda kabla haijatoboa. Sakafu ya saruji haichomi chuma, lakini huacha mikwaruzo mikubwa na kuila ncha ovyo.

Wengine husema ndoana ya kemikali hainolewi. Hutairudisha ilivyotoka kiwandani, sawa, lakini mguso mwepesi wa tupa laini utaitoa kwenye ubutu, na swali ni hilo tu.

Kuhusu ndoana ya duara, ile ambayo meli za kamba ndefu za Hawaii zinazowinda nduaro zilitakiwa kuitumia kuanzia 2004 ili kupunguza kunasa kasa, husemwa kwamba inajishika yenyewe, hivyo ukali si kitu. Ncha yake imeelekea ndani, kwa hiyo ni kweli haigusi mwamba upesi. Lakini ndoana hii haitaki kushtuliwa: huteleza hadi pembe ya mdomo, hujizungusha, kisha huingia kwa mvuto wa polepole. Mvuto wa polepole ndio unaodai ncha kali zaidi.

Na wale wa “wazee hawakuwa na tupa”? Ndoana iliyochimbuliwa katika pango la Sakitari, Okinawa, ina umri wa miaka 23,000 hivi. Ni ya gamba la konokono wa bahari, na imetengenezwa kwa kusuguliwa. Tupa hawakuwa nayo, lakini kusugua walisugua.

Pingamizi moja nalikubali, la mvuvi wa sangara katika Ziwa Victoria: nani atanoa ndoana mia tatu kwenye kamba moja? Hakuna, wala haihitajiki. Wakati wa kuweka chambo kila ndoana hupita mkononi hata hivyo, na jaribio la ukucha halichukui hata pumzi moja. Zinazoteleza zifungwe kitambaa chekundu, zinolewe ufukweni kamba ikiwa inakauka. Iliyovunjika ncha hadi karibu na mwiba wake wa ndani, au iliyoliwa na kutu ikafanya vishimo, haina cha kunolewa. Ikatwe, ifungwe nyingine.