Mtoto aliyeokolewa majini aangaliwe

Mhariri,

Sikukuu zinakaribia na Coco Beach itafurika watoto. Naomba nafasi niwakumbushe wazazi kuhusu saa zinazofuata baada ya mtoto kuokolewa majini.

Mara nyingi akishatolewa, akakohoa na kulia, tunamfuta maji, tunampa soda, basi yamekwisha. Kumbe maji kidogo tu yaliyoingia mapafuni yanaweza kuleta uvimbe, na saa kadhaa baadaye, nyumbani, pumzi ikaanza kumsumbua. Mtazameni: kikohozi kisichokoma, mbavu zinazobonyea kila akivuta hewa, povu mdomoni, kutapika, usingizi usio wa kawaida. Huyo apelekwe hospitali usiku uleule, asiambiwe alale kwanza. Aliyezimia majini aende hata akionekana mzima. Aliyepaliwa kidogo tu akarudi kucheza asitutie hofu.

Linaloniumiza zaidi ni kumning'iniza mtoto kichwa chini na kumkamua tumbo. Anatapika, matapishi yanaingia mapafuni, na zinapotea dakika ambazo asiyepumua angepuliziwa pumzi mdomoni.

Wala watoto hawazami baharini tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto chini ya miaka 5. Wa umri huo huzama hata kwenye ndoo ya kufulia, kimya kimya. Ndoo zimwagwe, visima vifunikwe, na manispaa iweke waokoaji ufukweni kila siku, si sikukuu peke yake.

Mama wa watoto watatu,
Kinondoni, Dar es Salaam