Jina lako halina makosa, jedwali ndilo bovu

Umewahi kujaza fomu mtandaoni, ukaandika Ng'ang'a au Ong'era, halafu ukajibiwa kwa maandishi mekundu ati jina hilo si sahihi? Ukaondoa ritifaa, ukaandika Nganga, maisha yakasonga. Baadaye jina la kwenye fomu halifanani na la kwenye kitambulisho, na ni wewe unayepanga foleni kujieleza.

Ukiuliza, unaambiwa "ni sistemu". Wacha nikwambie: sistemu haijui lolote. Kuna mtu aliketi chini akaamua. Ukitaka kuuona uamuzi huo bila pazia, angalia kompyuta za zamani.

Mwaka wa 1964 IBM ilitangaza System/360, familia ya zile kompyuta kubwa zinazoitwa meinfremu. Katika lugha yake ya asembli kuna agizo linaitwa TR. Unalipa maandishi pamoja na jedwali la baiti 256. Lichukulie jedwali hilo kama ploti yenye milango 256, kuanzia 0 hadi 255. TR inachukua namba ya kila herufi, inaenda kwenye mlango wenye namba hiyo, inatoa kilichomo na kukiweka mahali pa herufi ile. Basi. Kwenye msimbo wa EBCDIC wa mashine hizo, A ni 193. Kwenye ASCII, A ni 65. Ukitaka kuhamisha A kutoka msimbo mmoja hadi mwingine, unaweka 65 katika mlango wa 193.

TR ina ndugu yake, TRT. Huyu habadilishi kitu, anapekua tu kama soja wa getini. Akikuta sifuri mlangoni, herufi inapita. Akikuta kitu kingine, anasimama hapo hapo na kuonyesha herufi iliyomsimamisha. Sasa sikiza: ritifaa kwenye EBCDIC ni namba 125. Mwandishi wa programu akiweka 1 katika mlango huo, Ng'ang'a anafungiwa nje. Akiweka sifuri, Ng'ang'a anaingia. Tofauti ni baiti moja!

Ndiyo, tovuti nyingi unazotumia leo hazikuandikwa kwa asembli. Lakini akili ni ile ile: kuna orodha ya herufi zinazokubalika, na kuna mtu aliyeiandika. Kama aliyeiandika hajawahi kukutana na Ong'era, Ong'era atasumbuka.

Tena kuna shida kubwa kuliko ritifaa. Chukua jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwenye Unicode, ĩ ni namba 297 na ũ ni 361. Ploti yetu inaishia 255, kwa hivyo herufi hizo hazina hata mlango wa kubisha. Je, mwenye jina alikatekate ndiyo litoshee? Hapana. Ploti ndiyo ipanuliwe, na hilo limeshafanyika. Meinfremu za kisasa zina agizo la TRTT, linaloshughulikia herufi za baiti mbili, na jedwali lake lina nafasi 65,536. Kama mashine za ukoo wa 1964 zimejifunza, fomu iliyoundwa juzi ina kisingizio gani?

Wewe unayejifunza kodi, hii ni kazi yako. Usiseme haya ni mambo ya wazee au ya wenye digrii. Mimi niliacha chuo, na kitabu cha IBM kinachoeleza maagizo haya kinapatikana bure mtandaoni. Kabla ya kuandika kwamba jina ni A hadi Z pekee, jaribu programu yako kwa jina la nyanyako, la jirani yako, na la yule msee mliyesoma naye. Likikataa, usimwambie mtu abadilishe jina. Badilisha jedwali.

Na wewe usiyeandika kodi, siku nyingine ukiambiwa jina lako lina makosa, lalamika. Wazazi wako hawakukosea. Kuna mlango mahali uliowekwa 1 badala ya sifuri, na aliyeuweka anaweza kuubadilisha.