Daftari la Wiki: Barafu ya Grenadini

Ndugu zetu wa Brussels wamekuja likizo na watoto. Watoto wamekimbia theluji, na tangu wateremke wanasifia "majira ya joto" ya Rumonge. Nimewaeleza kwamba hapa joto halina majira, lina saa: linaingia saa nne asubuhi na linatoka likitaka.

*

Mkoa wa Rumonge, hapa Burundi, ulizaliwa mwaka 2015, ukafutwa 2025, na sasa sisi ni watu wa Burunga. Wachonga mihuri wamekula mara mbili.

*

Sasa barafu, maana ndiyo iliyonitia hasira wiki nzima. Pembeni ya barabara ya Bujumbura, chini ya mwembe ambao matawi yake yameinama kwa uzito, kijana anauza vifuko vya barafu nyekundu. Namuuliza ni ya tunda gani. "Ya grenadini, mzee." Mti wa grenadini mimi sijauona popote kati ya Kabezi na Nyanza-Lac. Ni maji, sukari na rangi. Wakati huohuo maembe yanaanguka nyuma yake, pu, pu, na wanaoyafaidi ni nzi.

Kijana simlaumu. Rangi ya pakiti haiozi, embe linaoza kesho. Lakini nyinyi wenye friza nyumbani, mnaowapa watoto pesa wakanunue uwekundu ule, nina neno nanyi.

Nunua maembe jioni, sokoni wakati mama anafunga biashara na yale yaliyoiva kupita kiasi anayatoa kwa bei ya kuyaondoa tu. Ndiyo yanayofaa. Menya, ponda, kisha pitisha kwenye chujio, kwa sababu maembe yetu madogo ya kienyeji ni matamu lakini yana nyuzi za kutosha kusuka kamba. Kamulia ndimu. Tia sukari, uonje, kisha uongeze kidogo hata kama ulimi umekwambia basi. Kitu kikiwa baridi sana ulimi hausikii utamu wake sawasawa, kwa hiyo kinachokukifu kikiwa vuguvugu kitakuwa sawa kikiganda. Sukari ina kazi nyingine pia: inachelewesha kuganda, na hivyo barafu inabaki laini ya kung'atika badala ya kuwa jiwe. Ukizidisha, haitaganda kabisa, utakunywa sharubati usiku wa manane ukijilaumu. Siku sukari ya Moso inapoadimika madukani, tumia tunda lililoiva zaidi na maji kidogo zaidi.

Marakuja usiitie kwenye mashine na mbegu zake. Zikisagika zinaleta uchungu na mchanga mdomoni. Koroga nyama ya tunda na maji kidogo, chuja, kisha rudisha mbegu chache nzima kwa ajili ya macho.

Kwa ndizi huhitaji hata sukari. Chukua kamaramasenge, zile ndogo zenye ganda jembamba, ziache mpaka zipate madoa meusi. Zikate vipande, uzitandaze kwenye sahani, uzigandishe usiku kucha. Asubuhi ziponde zingali ngumu. Mwanzoni zinavunjikavunjika na utadhani umeharibu. Endelea, ghafla zinashikana na kuwa laini kama krimu, bila tone la maziwa. Asiye na mashine atumie kinu. Ila kiwe kinu kingine. Kile cha kutwangia sombe, hata ukikisugua vipi, kitakupa ndizi yenye harufu ya kitunguu saumu.

Na kifuko? Ndugu zangu wa Unguja na Dar wanaponisimulia barafu zao za ubuyu na za embe, wanazifyonza kutoka kwenye kifuko kilichofungwa fundo, na mimi nawaonea wivu wa haki kabisa. Lakini kwetu amri ya Agosti 2018 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ikatoa miezi 18 ya kujiandaa, na muda huo uliisha Februari 2020. Vifuko vyekundu vya yule kijana vinatoka wapi, tusiulizane. Nyumbani tumia vikombe vya chuma. Chuma hupitisha baridi upesi, na barafu ikigoma kutoka unakichovya kikombe kwenye maji ya kawaida ukihesabu mpaka kumi. Kijiti chonga cha mwanzi, ukichomeke barafu ikiwa imeanza kuganda lakini haijakaza, la sivyo kitalala upande.

*

Umeme. Najua, najua, kila wiki umeme. Basi wiki hii naleta faida badala ya malalamiko: friza iliyojaa pomoni, isipofunguliwa, hushika baridi karibu siku 2 bila umeme. Iliyojaa nusu, siku 1. Kwa hiyo palipo wazi jaza chupa za maji, zigande, zikulindie mali. Adui mkubwa wa barafu si kukatika kwa umeme, ni mtoto anayefungua mlango kila dakika tano "kuona kama tayari". Na ikishayeyuka ukaigandisha upya, inakuja na chembe kubwa za kukwaruza. Ndiyo ladha ya megawati pungufu.

Mitambo ya umeme wa maji ya Jiji na Mulembwe ni megawati 49.5 kwa pamoja. Nimezihifadhi kichwani kama sura.

*

Asiye na friza asiondoke. Chukua barafu kama ile ya wauza samaki, ipondeponde kwenye ndoo, uimwagie chumvi: sehemu moja ya chumvi kwa sehemu tatu za barafu. Chumvi huilazimisha barafu kuyeyuka, na ikiyeyuka inanyonya joto lote lililo karibu. Mchanganyiko huo unaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Zika humo kopo lenye maji ya tunda, kifuniko kikibana kweli, ulizungushe huku na huku. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo una barafu. Kabla ya kufungua, futa kopo vizuri. Hakuna anayeomba barafu ya embe yenye samaki wa mukeke ndani yake.

Chumvi iwe ya Uvinza, kama mnanisikiliza. Ile ya chemchemi za huko Kigoma ilikuwa ikivushwa kwa mitumbwi kuja pwani zetu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuuliza pasipoti.

*

Kijana mmoja ananiambia wavuvi hawahitaji friji, washushe chupa chini ziwani, huko ni baridi. Wapi! Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na hata huko chini kabisa maji ni nyuzi 23 hivi. Utapoteza chupa na kamba.

*

Hili siliandiki kwa mzaha. Baridi haiui kipindupindu. Mdudu akiingia kwenye barafu analala, na barafu ikiyeyuka tumboni mwa mtoto anaamka. Peru, mwaka 1991, ugonjwa ulipowalipukia, barafu na vinywaji vya mitaani vilikuwa kati ya njia zake. Sisi tuko pwani hii ya Imbo ambako kipindupindu si mgeni, na tulishaona ziwa likipanda mpaka vyooni. Maji ya barafu yachemshwe, yapoe yakiwa yamefunikwa. Tunda lioshwe kabla ya kumenywa, na mikono pia. Mama anayeuza barafu aulizwe maji yake ni ya wapi, na asikasirike.

*

Ile soda ya ndimu tunayoipenda: imeonekana Jumanne. Jumatano haikuonekana.

*

Rumonge tuna mafuta mengi. Bahati mbaya gari halinywi mawese.

*

Hotelini, kwenye orodha ya vyakula: "aiskrimu ya nanasi". Nanasi lilikuwa kwenye picha.

*

Mvua ikikatika jioni, rasi ya Ubwari inaonekana ng'ambo waziwazi, miti na yote. Habari za upande ule wa Kongo mnazisikia kama mimi. Wiki hii nimeiangalia tu.

*

Wenye baa hapa mjini, nina ombi. Friza zenu zina nafasi, hasa wiki ambazo bia haijafika. Mwachieni mama wa maembe rafu moja ya chini, mkubaliane bei, auze barafu ya tunda lililoanguka mbele ya mlango wenu. Na yule kijana wa grenadini mpeni kazi ya kumenya.