Figo Kujaa Maji, Figo Kuzibwa

Ureta ni mrija mwembamba unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hadi 30, na tundu lake ni la milimita chache tu. Mkojo hauteremki humo kwa uzito wake kama maji ya tangi la juu ya paa. Ukuta wa mrija una misuli inayojibana kwa mawimbi na kuusukuma fungu kwa fungu, mtu akiwa amesimama au amelala. Sehemu tatu ni finyu kuliko nyingine: pale ureta inapoungana na beseni la figo, pale inapovuka juu ya mishipa mikubwa ya damu iendayo mguuni, na pale inapopenya ukuta wa kibofu. Jiwe linaloshuka kutoka figoni hupenda kukwama katika mojawapo ya sehemu hizo.

Karatasi ya ultrasaundi iliyoandikwa "figo imejaa maji" ndiyo inayowafikisha wagonjwa wengi kwa daktari wa upasuaji, na makosa mengi huanzia hapo hapo. Kwenye skrini mkojo uliotuama huonekana kama dimbwi jeusi lenye vidole, limezungukwa na nyama ya figo ya kijivu. Picha inaeleza upana wa dimbwi tu. Haisemi kama maji yanatoka. Wapo waliozaliwa na beseni pana na mkojo wao ukapita vizuri hadi uzeeni. Figo ya mjamzito, hasa ya kulia, hupanuka na kurudi yenyewe baada ya kujifungua. Aliyebanwa na mkojo akisubiri zamu yake ya kipimo anaweza kuonekana mgonjwa, kisha akaenda chooni na ugonjwa ukaisha. Kinyume chake pia hutokea: mrija ulioziba saa chache zilizopita, au uliozungushiwa saratani pande zote, unaweza kuambatana na figo isiyovimba hata kidogo, hasa kwa mgonjwa aliyepungukiwa maji mwilini. Hoja ya makala hii ni hiyo: kuziba hupimwa kwa mwendo wa mkojo na kazi ya figo, na kisu kisishikwe kwa sababu ya picha peke yake.

Kipimo cha mwendo huo kinaitwa renogramu. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi ambayo figo huitoa haraka, na kamera iliyowekwa mgongoni huhesabu inavyoingia na kutoka katika kila figo. Kisha huongezewa furosemide ili mkojo uje kwa wingi. Nusu ya dawa ikiondoka ndani ya dakika 10, njia iko wazi. Ikichukua zaidi ya dakika 20, njia imeziba. Kati ya namba hizo pana ukungu, na daktari mwaminifu huandika kuwa pana ukungu, akarudia kipimo baada ya miezi michache. Kipimo hicho hutoa pia mgawanyo wa kazi: figo mbili zinazogawana nusu kwa nusu ni habari moja, na figo iliyobaki na asilimia 15 ni habari nyingine kabisa. Kamera zake ni chache Afrika Mashariki, kwa hiyo CT yenye dawa ya kung'arisha ndiyo inayotumika zaidi, kreatinini ya mgonjwa, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, ikiruhusu. Kwa anayeshukiwa jiwe, CT isiyo na dawa hiyo inatosha, maana mawe karibu yote huonekana. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe; lililozidi 10 ni nadra kutoka bila kusaidiwa.

Muda ndio unaoamua kitakachookolewa. Majaribio ya zamani kwa mbwa, ambao ureta zao zilifungwa kabisa kisha kufunguliwa, yalionyesha kuwa figo iliyofungwa kwa wiki moja hurudia hali yake, ya wiki nne hurudisha sehemu ndogo tu ya kazi, na ya wiki sita hairudishi kitu cha maana. Binadamu si mbwa, na kuziba kwa nusu huvumilika kwa muda mrefu zaidi, lakini mwelekeo ni ule ule. Mrija ulioziba ukiwa na usaha nyuma yake hauna hata hizo wiki. Homa, kutetemeka na maumivu ya ubavu kwa mtu mwenye jiwe ni dharura ya usiku huo huo, kwa kuwa antibiotiki haifiki vizuri ndani ya figo isiyotoa mkojo. Hapo jiwe huachwa kwanza. Kinachotakiwa ni tundu la kutolea uchafu, ama kwa mpira unaopitishwa mgongoni hadi kwenye beseni la figo, njia ambayo Willard Goodwin na wenzake waliieleza mwaka 1955, ama kwa stenti, yaani mpira wa ndani, inayopandishwa kutoka kibofuni. Mjadala wa ipi ni bora hauna tija wodini. Bora ni ile inayopatikana usiku huo. Baada ya kufunguliwa, hasa kama figo zote mbili zilikuwa zimeziba, mgonjwa anaweza kukojoa zaidi ya mililita 200 kila saa, na asipofuatiliwa kwa karibu hukaukiwa na maji na chumvi baada ya kuponea kifo.

Pwani na visiwani chanzo kimoja kina historia yake. Kichocho cha mkojo husababishwa na mnyoo ambaye Theodor Bilharz alimwona kwa mara ya kwanza Cairo mwaka 1851. Minyoo waliokomaa huishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na jike hutaga mayai yanayotakiwa kutoka na mkojo. Yasiyotoka hukwama ukutani, hasa katika theluthi ya chini ya ureta, na mwili huyazungushia kovu linaloweza kugeuka gumu kama chokaa. Kwa kuwa kovu hujengeka polepole, mgonjwa hasikii kitu. Mvulana aliyekojoa damu akiwa shule ya msingi, na wakubwa wakaona ni mambo ya kukua, huja miaka thelathini baadaye na kreatinini ya juu na figo mbili zilizotanuka. Prazikwanteli huua minyoo, na madhara ya mapema kwa watoto hupungua au kuondoka kabisa, jambo lililoonekana kwa ultrasaundi hata Pemba. Kovu kongwe halisikii dawa. Ifahamike pia kwamba si kila kichocho ni cha namna hii: kile cha ufukweni mwa Ziwa Victoria kwa kawaida hushambulia utumbo na ini, na kile cha mkojo hupatikana zaidi kwenye madimbwi na mabwawa yaliyo mbali na ziwa. Kifua kikuu cha figo nacho huacha kovu, tena lenye hila, kwani mrija unaweza kuzidi kufinyaa wakati ugonjwa unapona kwa dawa.

Saratani ya mlango wa kizazi huziba ureta kwa kuikandamiza kutoka nje, na figo kujaa maji peke yake kunatosha kuuhesabu ugonjwa katika hatua ya IIIB. Uamuzi wa kuweka mpira hapa ni mgumu kuliko uwekaji wenyewe. Kama tiba ya mionzi na dawa bado inawezekana, figo lazima ifunguliwe, kwa sababu sisplatini haipewi mwenye figo mbovu. Kama tiba zote zimekwisha, mpira unaweza kumwongezea mama majuma ya kukaa hospitalini tu, na anastahili kuelezwa hivyo kabla ya kutia sahihi.

Chanzo kingine ni mkono wa daktari. Ureta hupita chini ya mshipa wa damu wa mji wa mimba, na anayefunga mshipa huo damu ikiruka, kwenye upasuaji wa kujifungua au wa kuondoa kizazi, anaweza kufunga vyote viwili. Upasuaji wa figo wenyewe ulizaliwa na ajali ya aina hii. Mwaka 1869 Gustav Simon wa Heidelberg, Ujerumani, alikuwa na mgonjwa aliyejeruhiwa ureta wakati wa upasuaji wa uvimbe wa ovari, na mkojo ukawa unamvuja mchana na usiku. Majaribio ya kuziba tundu yalishindikana. Simon alikwenda kwanza kwa mbwa, akathibitisha kuwa figo moja inatosha kuishi, ndipo Agosti 2 akamtoa mama huyo figo iliyokuwa nzima kabisa. Alipona. Leo jeraha hilo halidai figo: ureta huunganishwa upya na kibofu, na ikipungua urefu, kibofu huvutwa juu na kushonwa kwenye msuli wa psoas, au hukatwa kipande cha ukuta wake na kuviringishwa kuwa mrija, kama Achille Boari alivyofanya kwa mbwa mwaka 1894. Sharti ni jeraha kugunduliwa. Mama ambaye hakojoi siku ya pili baada ya upasuaji asiongezewe dripu tu kwa kudhaniwa amepoteza damu, apimwe figo.

Kwa mtoto au kijana aliyezaliwa na ufinyu pale beseni linapokutana na ureta, operesheni ya Anderson na Hynes ya mwaka 1949 haijapata mshindani wa kweli, na hufaulu kwa zaidi ya asilimia 90. Kipande kifinyu hukatwa na kutupwa. Ncha ya ureta hupasuliwa kwa urefu ili mdomo wake upanuke kama kalamu ya unyasi iliyochongwa, kisha hushonwa kwenye sehemu ya chini kabisa ya beseni kwa uzi mwembamba unaoyeyuka, mshono usivutike wala kusokoteka. Siku hizi hufanywa pia kwa matundu madogo na kamera, lakini mshono ni ule ule. Daktari akiona mshipa wa damu umepita mbele ya ureta, haukati, kwa kuwa unalisha sehemu ya figo; huihamisha ureta mbele yake. Figo iliyobaki na chini ya asilimia 10 ya kazi mara nyingi huondolewa, ila iachwe kwanza ipumue kwa mpira wiki kadhaa, maana zipo zinazofufuka.

Stenti yenye mikunjo miwili, moja figoni na moja kibofuni, ilianza kutumika sana baada ya mwaka 1978, na kwa kawaida hubaki wiki nne hadi sita baada ya operesheni hiyo. Renogramu ya kuthibitisha hufuata miezi mitatu baadaye. Kati ya hapo ndipo wagonjwa hupotea. Maumivu yameisha, nauli ni kubwa, na mpira wa ndani hauonekani wala haujulikani kwa jirani. Tarehe ya kuutoa iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa na kwenye daftari la kliniki linalosomwa kila wiki, pamoja na namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya ndugu. Stenti iliyosahaulika mwaka mzima hujengewa mawe kwenye mikunjo yote miwili, na hapo hulazimu kuvunja jiwe la kibofuni, kisha la figoni, pengine kwa operesheni mbili tofauti, kabla mpira haujakubali kuvutwa.