Mume Wangu Anakunywa: Nitampatia Wapi Wenzake?

Mama mmoja wa Tunduma ametuandikia barua ndefu. Mume wake ni fundi wa malori pale karibu na mpaka. Akiwa hajalewa ni mpole na anapenda watoto. Lakini siku ya kupokea fedha, zinazofika nyumbani ni chache au hazifiki kabisa. Amekwisha kuapa mara tatu mbele ya mchungaji kwamba ameacha pombe, na mara zote tatu hakumaliza mwezi. Mama huyu amesikia kwamba viko vikundi vya watu walioacha pombe, ambao hukutana na kusaidiana. Anauliza: “Nimpeleke wapi?”

Dada mpendwa, swali lako ni la wengi. Tunduma ni mji wa malori yanayongoja zamu ya kuvuka, na penye watu wanaongoja hapakosi baa. Ukivuka kwenda Nakonde pombe ipo, ukirudi ipo, na vijijini Mbozi na Momba ipo ya kienyeji. Anayetaka kuacha hafiki mbali bila kuitwa kwa jina na rafiki aliyeshika chupa. Ndiyo maana kiapo peke yake hakimtoshi. Anahitaji watu wengine wa kumwita.

Vikundi ulivyovisikia vilianza Marekani, katika mji wa Akron, mwaka 1935. Bill Wilson alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Akiwa safarini, shughuli zake zikaharibika na kiu ikamrudia. Badala ya kuingia baa, alimpigia simu mchungaji wa mji ule kuomba akutanishwe na mlevi mwenzake. Hatimaye mama mmoja akamkutanisha na daktari mpasuaji, Bob Smith. Walizungumza kwa saa nyingi, na mwezi uliofuata daktari yule akanywa mara ya mwisho. Angalia vema: mkutano ule ulikuwa wa watu wawili. Leo vikundi hivyo, vinavyoitwa AA, vimeenea duniani. Havina ada. Sharti ni moja tu, kutaka kuacha, na majina ya wanaohudhuria hayatangazwi.

Mikutano ya namna hii ipo Dar es Salaam na Nairobi. Lakini kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na hakuna mshahara wa fundi utakaobeba nauli hiyo kila juma. Basi, anzeni hapo mlipo, kwa utaratibu huu:

1. Anzeni kwa mganga. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi asikatishwe ghafla nyumbani. Anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Nendeni kituo cha afya au hospitali ya Vwawa, mkaulizie mhudumu wa afya ya akili. Ikibidi, watawaandikia kwenda hospitali ya rufaa ya Mbeya.

2. Tafuteni mtu mmoja aliyeacha. Ni nadra usharika au parokia kukosa mzee aliyewahi kulala mtaroni na leo anashika kitabu cha nyimbo. Mwombe mchungaji au padri amfikishie salamu zako. Mzee huyo asije kuhubiri. Aje kusimulia yaliyompata, kisha asikilize. Naye mume wako akubali mwenyewe. Ukimburuta, atakwenda kwa ajili yako na atarudia pombe kwa ajili yako.

3. Wekeni siku, saa na mahali. Darasa la Jumapili linatosha, au sebule ya mtu, mradi pasiwe jirani na kilabu. Wakutane kila juma bila kukosa, hata wakiwa wawili. Yanayosemwa pale yabaki pale. Katika mji ambao kila mtu anamjua mwenzake, siri ikivuja mara moja hakuna atakayerudi.

4. Na wewe je? Hapa ndipo wengi wetu tunapojisahau. Lois, mke wa Bill Wilson, alimwombea mumewe kwa miaka mingi. Bill alipoacha, siku moja alimhimiza Lois waharakishe kwenda mkutanoni, naye akamtupia kiatu kwa hasira. Akashangaa: mume ameacha pombe, mbona moyo wangu bado umejaa uchungu? Aliwaona pia wake wenzake wakingoja nje ndani ya magari, akawakaribisha jikoni wazungumze. Mwaka 1951, yeye na mama mwingine waliviunganisha vikundi vya namna hiyo vikawa Al-Anon, vya ndugu wa walevi.

Kwa hiyo usingoje mume wako akubali. Tafuta mama mwenzako anayelala akisikiliza mlango kama wewe. Kaeni saa moja kila juma. Msikae kuwasengenya waume, semeni yenu. Hapo mtatiana nguvu ya kuacha mambo ambayo hayamsaidii mume: kumlipia deni la kilabu, kumdanganyia kwa tajiri wake kwamba ana malaria, kumficha kwa wakwe. Fedha ya ada na chakula itunze mbali na mkono wake. Na kama anakupiga, hilo si jambo la kikundi wala la kuvumilia. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na watoto uende nao.

Dada, huenda mume wako akaacha mwaka huu, huenda akachelewa. Lakini mkutano ulioulizia unaweza kuanza juma hili jikoni kwako, kwa vikombe viwili vya chai.