MCHAGUA JEMBE NDIYE MKULIMA



Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Wasimamizi wanaupenda sana msemo huu. Kibarua akisema mpini umepasuka au sururu imekwisha ncha, hutupiwa msemo huo na kuitwa mvivu. Sisi tunasema hekima ya wazee haikuwekwa ili kuwafunga watu midomo. Katika kazi ya kufukia nyaya ardhini hadi nyumba za wateja, anayechagua chombo anachagua pia nani ataumia mgongo, nani atapata ujira na nani atapigwa na umeme. Uamuzi kama huo hauwezi kuachiwa mhasibu peke yake.

Mitaro ya nyaya tunaiona kando ya barabara za Lilongwe. Kilomita 40 na ushei kaskazini ya mji, wilayani Dowa, iko Dzaleka. Zamani ilikuwa gereza, na tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wakiwa wenzetu wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi. Nyumba zimesongamana na vijia ni vyembamba. Wanaotafuta kibarua, au ganyu kama wasemavyo wenyeji, ni wengi, na mikono ikiwa mingi bei yake hushuka.

Tupige hesabu. Mtaro wenye kina cha sentimita 60 na upana wa sentimita 30 hutoa, kwa kila mita moja, udongo wa kiasi cha kilo 270. Mita kumi ni karibu tani tatu, na udongo huohuo lazima urudishwe na kushindiliwa. Mwezi wa Kumi, kabla ya mvua, udongo mwekundu wa Lilongwe ni mgumu kama tofali. Mvua zikishika hulainika. Lakini mwenye kazi hulipa mita kwa bei ileile mwaka mzima. Ndugu zetu wa chai wa Thyolo na Mulanje wanaolipwa kwa kilo wanaujua mchezo huo: kipimo hakibadiliki ingawa shamba limebadilika.

Je, mashine? Zipo za aina nyingi. Mwaka 1949, katika mji wa Perry, Oklahoma, Marekani, Ed Malzahn na baba yake walitoa mashine ndogo ya kuchimba mitaro myembamba ya mabomba na nyaya za kwenda majumbani, kazi ambayo hadi hapo ilikuwa ya sururu na sepetu. Ina mnyororo wenye meno, nayo hukata mtaro mwembamba kuliko ule ambao mtu anaweza kuuchimba kwa jembe, hivyo udongo wa kuhamisha hupungua sana. Iko plau inayotikisika, ambayo hupasua ardhi na kulaza waya papo hapo. Hiyo hufaa udongo laini usio na mawe, wala haifai ardhi iliyokauka. Tena liko fuko la chuma, linalosukumwa kwa hewa kutoka shimo moja hadi jingine, likapita chini ya njia au ukuta bila kuvunja kitu juu.

Sisi si maadui wa mashine. Kwa mtaro mrefu kando ya barabara kuu, penye nafasi na udongo wa namna moja, mashine ya mnyororo iende, na vijana wetu wafundishwe kuiendesha. Lakini katika vichochoro vya Dzaleka, penye mita nane tu kutoka njiani hadi mlangoni, mashine kubwa haipiti. Hapo pana haki ya mkono wa mtu na sururu nzuri, na fuko pale penye ukuta. Kenya ilipoanza mpango wake wa barabara za vijijini mwaka 1974, ilionyesha kwamba kazi ya mikono ni kazi ya kweli, mradi zana ziwe imara na kipimo cha siku kifuate ugumu wa udongo.

Liko jambo zito zaidi. Chini ya ardhi ya mji mna mabomba ya maji na nyaya zenye moto. Mtaimbo ukigusa waya wenye moto, hauulizi aliyeushika ana kibali gani. Fuko na mashine ya mnyororo navyo havina macho. Kwa hiyo chombo cha kwanza kununuliwa kiwe kile cha kutafuta nyaya zilizofichika, pamoja na ramani za wenye mabomba na wenye umeme, kabla ya jembe la kwanza kushuka.

Wako watakaosema wakimbizi hawatuhusu. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake kuhusu kazi ya mshahara na uhuru wa kutembea. Ndiyo maana mkimbizi akiumia mtaroni huogopa kudai. Mwenye kazi akijua kwamba yuko mtu asiyeweza kudai, atamchukua huyo kwa nusu ya ujira, na kesho atakuja kwetu na bei hiyohiyo mkononi. Mtaro wa mnyonge mmoja hutufukia sote.

Kwa hiyo tunadai haya. Kwanza, wachimbaji wawe na wajumbe wao zana zinapochaguliwa. Pili, ujira wa mita ufuate udongo na majira. Tatu, buti, glavu na mipini mizima vitolewe na mwenye kazi, visikatwe katika ujira. Malawi ina sheria ya usalama kazini tangu mwaka 1997, nayo haikuandikwa kwa ajili ya ofisi tu. Nne, asianze mtu kuchimba kabla ardhi haijapimwa na kuwekwa alama.

Mkulima halisi huchagua jembe, kwa maana ndiye atakayelishika tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Anayetukataza kuchagua na ashuke mtaroni, achimbe mita kumi, kisha tuzungumze.